Alama za Meno kwenye Betri

Leo nimefungua remoti ya anko, hapa kwake Ruiru, nikakuta betri zina alama za meno. Sikio langu la kushoto likapata moto.

Nilikuwa mdogo, tukiishi kwake Kiganjo, na leza yake ya kumulika ukutani ilikuwa imekataa kuwaka. Alitoa vile vibetri vidogo, akaviuma kama watu wanavyouma betri za redio zikiisha, akavianika kwenye mabati vipate joto, akavirudisha. Wapi.

"Ni wewe umeiharibu," akaniambia.

"Sijaigusa, anko. Umeweka betri kinyume."

"Unanifunza mimi?"

Akalivuta sikio mpaka nikasimama kwa ncha za vidole. Mama alikuwa akifua hapo kando. Aliendelea kufua, kwa sababu nyumba ilikuwa ya anko. Hata sasa sipendi harufu ya sabuni ya unga.

Leo anko amekaa kwenye kochi, macho hayaoni vizuri, anangoja taarifa ya habari. Betri bado zina moto, ila ameziweka kinyume. Nimerudisha kifuniko, nikamwekea remoti mapajani.

"Imekufa, anko," nimemwambia. "Kaa tu hivyo."