Kigoda cha kivukoni

Wiki iliyopita tulishuka kwenye pantoni upande wa Ifakara, tukakanyaga matope, viatu mkononi. Kijana mmoja aliyetoka masomoni Dar alikuwa akitueleza habari za intaneti: siku moja utakaa kijijini Lupiro uiuzie dunia nzima.

Pembeni alisimama mama mmoja mwenye kigoda na ndoo ya maji. “Njoo unawe miguu, mwanangu.”

“Shikamoo, mama. Unauza maji mtoni?” kijana akauliza. Tukacheka.

“Marahaba. Maji ni ya bure. Nakodisha kigoda.”

Kijana akaenda kunawa mtoni. Alipomaliza mguu mmoja hakuona pasipo na matope pa kuuweka, akabaki ameuinua kama korongo.

Mama akapangusa kigoda. “Dunia nzima siiwezi, mwanangu. Wanaosimama kwa mguu mmoja wananitosha.”

Kijana akakaa. Nyuma yake tulipanga foleni sisi tuliocheka.