Nilimrudisha kwa Mjomba Wake

Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja pale Uyole, watu watatu na mfumo wa simu wa kuwaunganisha wakulima wa viazi na madereva wa malori. Binti aliyepanga safari za malori aliletwa na mjomba wake wa Ilomba, rafiki wa marehemu baba yangu. Alifanya kazi miezi minane. Kisha siku moja malori mawili yakaenda shamba moja, na viazi vya mkulima mwingine vikanyeshewa hadi vikaoza. Mkulima akanitukana kwa simu wenzangu wakisikia. Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira hujiona mwenye hekima sana.

Sikumwita binti. Kwetu mtu aliyeletwa hurudishwa kwa aliyemleta, basi nikanunua sukari kilo mbili nikaenda Ilomba. Mjomba alinisikiliza, akanishukuru kwa kumheshimu. Nilitoka pale nikijiona muungwana. Kesho yake binti hakuja kazini, nami nikadhani yameisha.

Wiki ya tatu nikapokea wito wa usuluhishi: nimemwachisha mtu kazi isivyo halali. Nikampigia rafiki yangu mwanasheria aliyeko Iringa. Nilimwambia sheria hizo ni za viwanda, sisi ndio kwanza tunatambaa. Akasema haziangalii ukubwa. Mtu akishapita miezi sita, humwondoi bila sababu ya haki na bila kumpa nafasi ya kujitetea. Akauliza nilimwita lini kumsikiliza. Nikamweleza habari za mjomba na sukari. Halafu akasema nikishindwa, kampuni changa kama hiyo huenda isiinuke tena. Usiku sikulala, niliogopa kweli.

Siku ya usuluhishi mjomba naye alikuja, tena kwa upande wangu. Msuluhishi akamwomba asubiri nje, kisha akamgeukia binti. Binti alizungumza taratibu, bila kunitazama. Alisema nilipobadilisha mfumo namba za madereva zilichanganyika, na aliniandikia mara tatu kunijulisha. Nikatoa simu nimuumbue. Nikaumbuka mimi. Ujumbe wake ulikuwepo, mara zote tatu, na chini ya ule wa mwisho jibu langu mwenyewe: "Sawa, nitaangalia."

Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Msuluhishi akamuuliza binti anataka nini.

"Nataka kazi yangu," alisema. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na siku nyingine ukinichoka, bosi, uniambie mimi. Mjomba hukumwajiri."

Nilikubali, tukatia saini. Mlangoni mjomba akanishika mkono.

"Haya mwanangu, yameishaje huko ndani?"

Binti alikuwa amesimama palepale, karibu yake kuliko mimi. Nikamwambia mzee amuulize mwenyewe.