Gauni Lililonyamazisha Chumba cha Pasi

Pasi inafuka mvuke, na Mama Jicho anaisukuma juu ya foronya bila kuitazama. Macho yake yako kwenye kona, penye mashine ya kukaushia. Huko ameketi mkunjaji wa shuka, anakunywa chai peke yake, mgongo amewapa wenzake.

"Wiki ya tatu hii," anasema Mama Jicho kwa sauti ya chini. "Na aliyemfukuza hapa mezani ni mimi."

Ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, mwaka wa tisa sasa. Jina la Jicho amelipata kwenye mitumba. Robota likifunguliwa sokoni, wengine wanapopekua, yeye keshachomoa. Mshahara ukitoa kodi na nauli, kinachobaki hakinunui gauni jipya hata la mtoto. Lakini umwone Jumapili, utadhani mke wa meneja.

"Duka la nguo mpya nalisalimia, napita," anasema.

Wanawake watano wa chumba hicho wana mchezo wao wa Jumatatu. Wakati wa chai, aliyeokota kitu kizuri sokoni anakiinua, wenzake wanakisia bei. Ya kweli ikitajwa, ni vigelegele. Kisha wote wanamzomea mwenye nguo wa zamani: "Umeliwa!" Waliamini huyo yuko ng'ambo, kabati limemfurika, hasikii.

Jumatatu ile Mama Jicho aliinua gauni la zambarau lenye kola ya lesi. Halikutoka kwenye robota. Alilipata kwa muuzaji wa pembeni, anayenunua nguo majumbani mwa watu. Hilo hakulitaja, na nani angeuliza? Wakakisia, wakakosa, wakampigia makofi. Sifa zikampanda kichwani. Akageuza upindo, akaonyesha paliposhonwa kwa mkono.

"Nikawaambia, tazameni, mwenyewe hata sindano hajui kuishika. Gauni zuri hivi analitupa kama tambara! Pesa zinamwasha huyu."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mkunjaji wa shuka peke yake hakucheka.

"Sikulitupa, dada," alisema. "Mume wangu kaachishwa kazi. Watoto walikuwa hawajala."

Vikombe vikashushwa mezani. Mashine nazo, anasema Mama Jicho, siku hiyo zilikuwa na kelele mbaya.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Unajua lile gauni alilivaa wapi? Harusini kwa binti yangu! Alipakua chakula akiwa nalo, akahudumia wageni wangu mpaka miguu ikavimba. Mie bei za nguo zote nazikumbuka. Nguo ya shoga yangu sikuikumbuka."

Anafuta uso kwa kanga, anasingizia mvuke.

Jioni ile alilibeba gauni mpaka nyumbani kwa mwenzake. Haraka haraka haina baraka. Watoto walitoka mbio kupokea mfuko, majirani wakachungulia. Mwenyewe alisimama mlangoni asimkaribishe ndani.

"Alinambia, mwenzangu, usinitangaze mara ya pili. Nikarudi nalo kama mwizi."

Msamaha ameomba, akajibiwa kuwa yamekwisha. "Lakini mtu akikwambia yamekwisha huku anatazama ukuta, hayajaisha," anasema.

Sokoni haendi tena siku hizi; alikwenda mara moja tu, kulirudisha gauni kwa yule muuzaji. Hakudai kitu. Amemwomba alifiche, asimuuzie mwingine.

"Mumewe akipata kazi, muuzaji atamwita shoga yangu, amwambie halikupata mteja. Atalipa bei ile ile aliyouzia. Lazima alinunue kwa pesa yake mwenyewe, na jina langu lisitajwe kabisa."

Anageuza foronya, anaikandamiza tena ingawa imeshanyooka.

"Nataka nimwone analivaa, basi. Hata kama atanipita bila kunisalimia."