Nilimficha Mama Yake Maumivu ya Jino

Naandika haya nikijua hakuna wa kumlaumu ila mimi. Jina langu naliacha, na la mtoto nimelibadilisha. Nitamwita Rehema.

Rehema ni mtoto wa dada yangu wa Kondoa. Mimi sikujaliwa kuzaa. Dada aliona ninavyokaa peke yangu hapa Nzuguni tangu mume wangu aondoke, akaniletea binti yake wa tatu asome huku, akae na mimi. Alinipa sharti moja tu. "Akiumwa, niambie. Hata mafua."

Jamani, nilimpenda yule mtoto. Alikuwa akitoka shule ananiita tangu getini, "Mamdogo, nimerudi!" Nyumba iliyokuwa kimya ikapata mtu.

Alikuwa na miaka kumi na moja jino lilipoanza. La nyuma, chini, upande wa kushoto. Nikamulika kwa simu, nikaona shimo jeusi. Nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, nikampa dawa ya maumivu. Akalala.

Baada ya muda shavu likavimba. Ndipo nilipokosea, maana niliogopa. Kabla ya hapo Rehema aliwahi kuumwa malaria, na dada alikuja akamchukua, akakaa naye karibu muhula mzima. Nikajua akisikia hili atamchukua moja kwa moja.

Nikamwambia mtoto, "Ukimwambia mama yako, atakurudisha Kondoa. Unataka kurudi?"

Akatikisa kichwa.

Dada alipopiga simu, akauliza mbona mtoto anaongea kama ana kitu mdomoni. Nikamjibu anakula muwa. Nilisema hivyo bila hata kumeza mate.

Nikaenda duka la dawa, nikanunua antibayotiki bila kupimwa mtoto. Uvimbe ukapungua, nikamkatisha dozi. Ukarudi, nikampa vidonge vilivyobaki. Hospitali sikumpeleka. Niliogopa wataniuliza mzazi wake yuko wapi.

Tukaenda hivyo kwa miezi. Mtoto akawa hawezi kufungua mdomo vizuri. Akaacha kula ugali, anakunywa uji tu. Siku moja akaniambia, "Mamdogo, mdomo wangu huku kama sio wangu. Nikiugusa sisikii." Nikamwambia utapona.

Kisha asubuhi moja nikakuta foronya yake imelowa usaha. Chini ya taya palikuwa na tundu, ndipo ulipotokea.

Nikambeba mbio hospitali. Walimpiga picha ya taya, daktari akaniita pembeni. Akasema uchafu wa jino umeingia kwenye mfupa, na kipande cha mfupa kimeshakufa. Lazima wakitoe, pamoja na meno yaliyoshikwa pale. "Lingetibiwa mapema, au hata kung'olewa, tusingefika huku," akasema. "Mzazi wake yuko wapi?"

Ikabidi nipige simu.

Dada alikuja na basi la Kondoa, akashukia hospitali. Alipomwona mwanawe alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono. "Mbona hukuniambia, mama?"

Rehema alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, kwa shida, mdomo haufunguki, "Niliogopa kung'olewa jino. Mamdogo hakujua."

Mtoto mgonjwa alinidanganyia. Na mimi, mtu mzima, nikanyamaza.

Nilikuja kumwambia dada ukweli siku ya upasuaji, tukiwa tumekaa nje tunasubiri. Nilimwambia yote, hadi ule muwa. Nilitegemea atanipiga. Hakunipiga. Akasema, "Ungeniambia ni jino, ningekuja, tungelitibu, na mtoto wako ningekuachia."

Mtoto wako. Hivyo ndivyo alivyosema.

Rehema alipona, namshukuru Mungu. Lakini shavu limebonyea upande mmoja, na upande huo hana meno. Madaktari wanasema akikua wataangalia namna ya kumtengeneza. Anasoma Kondoa sasa. Nikipiga simu ananiamkia, shikamoo mamdogo, ananijibu ninachomuuliza, halafu anampa mama yake simu. Dada hajanikataza kwenda kwao. Ila tangu siku ile hajawahi kuniachia mtoto wake yeyote, hata kwa dakika za kwenda sokoni.

Wewe unayelea mtoto, wako au uliyepewa, akisema jino linamuuma, mpeleke akatazamwe. Usimtibu kwa kubahatisha, wala usimfundishe kuficha. Na uvimbe ukipungua, usijidanganye kwamba yamekwisha. Mara ya kwanza shavu la Rehema liliporudi kawaida, mimi nilipika pilau kwa furaha. Nilimwekea sahani iliyojaa. Alitafuna upande mmoja tu, polepole, huku ananitabasamia. Nilimwona.