Mpira wa Mnada Wenye Jina la Runazi

Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye dirisha la vifurushi la stendi ya Biharamulo, mwalimu wa netiboli kutoka Runazi alitua mpira unaovuja upepo, aurudishe kwa muuzaji. Aliupata kwenye mnada wa mtandaoni, ukiwa na waranti. Kesho yake timu yake ingecheza na Nemba nyumbani, na mwenyeji asiye na mpira hunyang'anywa mechi.

Alimtumia muuzaji picha ya mpira, akampigia, akaweka spika.

"Picha nimeiona, mama. Umeuandika jina. Waranti hakuna."

"Hilo jina la kata, kaka! Huku mpira usio na jina unaibwa."

Karani akampa kitambaa chenye petroli. Mwalimu alisugua mpaka jina likatoka, na nembo ya kiwandani ikatoka nalo. Akatuma picha nyingine. Muuzaji akajibu kwenye spika.

"Sasa huu nitajuaje kama ni wangu?"

Mimi niliyekuwa kwenye foleni nimesoma masharti ya waranti ile. Inaulinda vizuri sana mpira ambao haujatoka kwenye boksi.

Jumamosi saa kumi jioni mwamuzi aliubonyeza mpira kwa kidole gumba. Kidole kilizama. Nemba walipewa ushindi.