Nyoka wa Dobi

Kwanza ulikuwa mgongo. Mtu aliyesimama nyuma ya meza ya pasi tangu ujana wake hadi mvi zikaanza kumchungulia masikioni hawezi kukosa mgongo, na wa dobi huyu ulilia kama bawaba ya mlango mkuukuu kila alipoinama kuokota shati. Siku moja muuza vitabu vya mitumba, aliyekuwa akitandaza bidhaa zake kwenye baraza ya duka la kufulia, akamuuzia kitabu chembamba cha yoga chenye picha. Dobi akatandika mkeka katika chumba kidogo cha uani, akafuata picha moja baada ya nyingine kila alfajiri. Haukupita muda mrefu, mgongo ukanyamaza.

Hapo ndipo uroho ulipomwingia. Akanunua kitabu cha pili, cha pumzi. Kisha cha tatu, kinene, jalada limechakaa, kilichozungumzia tantra, mafundisho ya siri ya Kihindi, na Kundalini. Kilisema kwamba chini ya uti wa mgongo wa kila binadamu kuna nguvu iliyolala, imejikunja kama nyoka, na kwamba kwa kubana pumzi, kukandamiza kidevu kifuani na kuvuta tumbo ndani, mtu anaweza kuiamsha ikapanda kituo kwa kituo mpaka utosini. Mwanzoni kabisa paliandikwa kwa herufi nzito kuwa mazoezi hayo yasifanywe bila mwalimu. Dobi aliuruka ukurasa huo jinsi watu wanavyoruka dibaji.

Usimdhanie mpumbavu. Watoto wake walikwishaota mbawa wakaruka. Miaka nenda miaka rudi alinyoosha nguo za watu waliokwenda harusini, mahakamani na safarini, na yeye hakwenda popote. Sasa kitabu kilimwambia kuna safari ambayo mtu huifanya ameketi. Nani angekataa?

Ikawa kila alfajiri anaketi, anabana pumzi, anasubiri. Kitabu kilitaka pia mtu ahifadhi nguvu zake za mwili, asimkaribie mke, basi akahamishia godoro kwenye kile chumba cha uani, akimwambia mkewe kuwa anakoroma mno, hataki kumsumbua. Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, aliona mwanga mtulivu kati ya nyusi zake, laini kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Akalia kwa furaha.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Joto likamvaa mwilini, akawa anatoka jasho hata siku za baridi wengine wakijikunyata. Moyo ulimwenda mbio ameketi tu. Vidole vilitetemeka. Usingizi ukamtoroka. Alikula kama watu wawili, na bado alikonda kama hajala. Alipofungua kitabu, akakuta humo joto, mtetemeko, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Nyoka ameamka! Lakini sura iliyofuata ikamkata maini: nguvu hiyo ikipanda kwa njia isiyo yake, hairudi. Mwandishi alisimulia habari za mwanafunzi aliyejifundisha peke yake, akaishia kuzungumza na kuta.

Dobi akaanza kujichunguza kama anazungumza na kuta. Aliwahi kuitukana pasi. Je, hiyo inahesabika?

Hakumwambia mtu. Kazini mkono ulimcheza, akaunguza koti la mteja mgongoni, alama ya pasi imejichora wazi kama unyayo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuunguza hata leso.

Mkewe, aliyepokea nguo kwenye kaunta na kushona vifungo vilivyolegea, alikuwa akimtazama muda wote huo, midomo ameibana. Aliona mume anakonda, macho yanang'aa, anaamka alfajiri, anaoga, na hataki kulala chumbani. Mwanamke gani asingejumlisha? Siku ile ya koti, mteja alipoondoka akifoka, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa juu ya stuli.

"Ni nani?" akauliza.

"Nani nani?"

"Huyo anayekukondesha. Mtaje tu, mume wangu. Mimi si mtoto."

Dobi akaweka pasi pembeni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. "Si mtu," akasema kwa sauti ndogo. "Ni nyoka."

Mkewe akapandisha miguu yote miwili juu ya stuli. "Yuko wapi?"

"Ndani yangu."

Akamweleza yote, kuanzia mgongo hadi mwanafunzi wa kuta. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, miguu ingali juu. "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Mwanamke wa nini? Hata usingizi sina."

Akashusha pumzi ndefu, akashusha na miguu. "Basi hilo lingine tutalimaliza. Vaa viatu."

Akampeleka kwa mteja wao mmoja, mwalimu wa yoga aliyefundisha katika ukumbi juu ya duka la vipuri vya baiskeli, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Dobi alitazamia kwamba akisikia neno Kundalini atashtuka, au walau atamtazama kwa heshima. Mwalimu alimuuliza tu anabana pumzi vipi na kwa muda gani, kisha akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akiitazama saa ya ukutani.

"Mzee wangu," akasema, "kubana pumzi acha leo hii. Lakini moyo unaokimbia namna hii mtu akiwa ameketi, kwanza tunampelekea daktari. Akikukuta mzima, rudi, tuzungumze habari za nyoka."

Dobi aliona kama amedharauliwa kidogo. Hata hivyo akaenda, kwa kuwa mkewe alikuwa amemshika mkono wa shati.

Hospitalini, daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyake. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akasimama nyuma yake, akampapasa shingo huku akimwambia ameze maji. Wakamtoa damu, wakamwambia arudi majibu yakiwa tayari.

Siku ya majibu mkewe alisali njia nzima.

"Ni tezi ya shingo," daktari akasema. "Inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo inayokupa joto, mtetemeko, moyo kwenda mbio, na kula bila kunenepa. Tutakupa vidonge, na utakuja kupimwa mara kwa mara."

"Kwa hiyo sirukwi na akili?"

"Hapana, mzee. Unaumwa, na ugonjwa wako una tiba."

Dobi alitoka mpaka kwenye benchi la ukumbini, akaketi, akacheka. Alicheka mpaka mfagiaji akaegemeza ufagio wake ukutani na kumtazama. Mkewe naye alikuwa analia, na huku akilia anampiga bega kwa mkoba. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Tezi, mwenzangu! Tezi! Na mimi nimeshamlaani mwanamke ambaye hata hayupo!"

Vidonge vilichukua muda, lakini moyo ukarudi kwenye mwendo wake, na usingizi ukarudi. Godoro nalo likarudi chumbani, wala hakuna aliyelizungumzia. Ule mwanga tu ndio uliobaki bila maelezo. Alimuuliza daktari kama nao ulitokana na tezi. Daktari akakiri hajui. Alimuuliza mwalimu. "Huo uache ulipo," mwalimu akamwambia. "Usiufukuze, usiuite."

Daktari alipomruhusu, Dobi alijiunga na darasa la wanaoanza. Siku ya kwanza mwalimu alimfundisha kusimama, kusimama tu, miguu imegusa chini sawasawa, na yeye aliyesimama maisha yake yote akagundua kwamba alikuwa akiuonea mguu wa kulia. Mwisho wa somo wakaambiwa walale chali, wafumbe macho. Dobi akalala kweli, akakoroma. Mwalimu akaweka kidole mdomoni, akawaashiria wengine wakunje mikeka yao polepole, watoke.