Kisanduku cha Mdogo Wake

Hospitalini walimwita Mama Dozi, kwa sababu hakuna mgonjwa aliyeondoka kwenye dirisha lake la dawa kabla hajarudia kwa mdomo wake mwenyewe: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Ukikosea, unarudia. Foleni ilikuwa ikiguna, yeye hana habari.

Kwa miaka minne alikuwa na kazi nyingine isiyojulikana na mtu. Kwenye simu yake alisimamia jukwaa la mtandaoni la watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Lilianzishwa na fundi kompyuta mmoja aliyemuuguza baba yake hadi mwisho. Watu walijiandikisha kwa majina ya kubuni, wakaulizana habari za vidonda vya mgongoni, mipira ya mkojo, na namna ya kumgeuza mtu mzito ukiwa peke yako. Mama Dozi alianza kwa kujibu maswali ya dawa. Fundi akamwona ni mtu makini, akampa usimamizi. Kule aliitwa Msimamizi tu. Nduguze hakuwaambia, wasije wakamgeuza daktari wa ukoo.

Siku alipompa neno la siri, fundi alimpigia simu.

"Hili linafungua kila kitu, mama. Hata visanduku vya watu vya faragha. Usifungue ila mtu akilalamika, na ukifungua, soma alicholalamikia tu."

"Mbona pale juu umewaandikia kwamba ujumbe ni kati yao wawili?"

"Kwa sababu ndivyo inavyotakiwa iwe."

Mchana mmoja, akiwa amekaa juu ya maboksi ya dripu stoo akila mkate, alipata lalamiko. Kuna mtu alikuwa akiwaandikia wanachama faraghani, akiwauzia unga wa kuponya kiharusi. Aliingia kisanduku cha muuzaji ili aone amewasumbua wangapi. Walikuwa kumi na saba. Wengi hawakumjibu. Mmoja, aliyejiita Ndala Moja, alikuwa amemjibu kwa kirefu.

"Kaka, mama yangu ana mwaka wa tatu kitandani, mkono wa kushoto umekunja ngumi hauachii. Unga wako hautamwinua. Dada yangu anafanya kazi kwenye dawa, unga kama huo ungekuwepo angeujua. Kila mwisho wa mwezi anatuletea mfuko, anasimama mlangoni kama mtu wa posta, anaondoka."

Aliuweka mkate chini. Mwaka wa tatu, ngumi ya kushoto. Na ndala: tangu utotoni mdogo wake, huyu anayemuuguza mama yao, hakupata kuamka bila kuzunguka nyumba nzima akitafuta ndala ya pili.

Alimfungia muuzaji. Kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemlalamikia Ndala Moja. Hata hivyo, Mama Dozi alifungua kisanduku chake.

Alikuta miezi minane ya maongezi na mwanachama mmoja tu, aliyejiita Seremala, anayemuuguza mke wake aliyepoteza kumbukumbu.

"Ukichoka unafanyaje?" mdogo wake alikuwa ameuliza.

"Naingia karakanani, napiga randa ubao usio na kazi. Wewe je?"

"Naenda jikoni nafunga mlango. Mama anaita, siendi. Nahesabu mpaka mia mbili ndipo naenda. Juzi nilifika mia mbili nikaanza upya." Na chini yake: "Kuna asubuhi natamani nikute ameshapumzika. Halafu nambeba kumwogesha, nalia."

"Hata mimi," Seremala alijibu. "Yaache hapa hapa kwetu."

Kengele ya dirishani ililia mara mbili kabla hajasimama. Alasiri ile alitoa dawa bila kumtaka mtu arudie, na wenzake wakamuuliza kama anaumwa.

Aliomba likizo. Kila mchana akawa anafika kwa mama yake, anafua mashuka, anakoroga uji. Mdogo wake alishangaa, hakuuliza. Lakini Mama Dozi hakuja kusaidia tu. Alipomgeuza mama yao alimkagua mgongo, mabega, nyonga, akitafuta alama. Hakuona hata mkwaruzo. Ngozi ilikuwa safi, imepakwa mafuta kama ya mtoto mchanga, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Siku ya nne mama yao aliita wakiwa wote wawili jikoni. Mdogo mtu akaweka kisu chini.

"Kaa," Mama Dozi alisema, kwa upole wa kweli. "Naenda mimi. Leo huna haja ya kuhesabu mpaka mia mbili."

Mdogo wake alibaki ameshika ukingo wa meza. "Umesema nini, dada?"

"Nimesema pumzika."

"Hilo nimemwambia mtu mmoja tu duniani."

Mama Dozi alikwenda kwa mama yao. Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Hakusema.

Jioni ile mdogo wake alimwandikia Seremala. Alimuuliza anamjua nani, amemuuza kwa nani, na kama alikuwa akicheka muda wote huo. Seremala aliapa kwa uhai wa mke wake kwamba hajamwambia mtu. Hakuaminiwa. Akazuiwa asiweze kumwandikia tena. Mama Dozi aliyajua hayo kwa sababu alikuwa bado anasoma. Siku tatu alikaa nayo, akijiambia kesho, akijiambia huyo mwanamume hawamjui, yatapita.

Siku ya nne alimkuta mdogo wake akianika nguo uani, akamweleza yote: jukwaa, neno la siri, muuzaji wa unga, na kwamba Seremala hakutamka lolote.

Mdogo wake aliendelea kubana shuka kwenye kamba. Akamaliza, akachukua beseni.

"Kwa hiyo nimemtukana mtu bure," alisema. "Na wewe ulikuwa unatazama."

"Nilitaka kukusaidia, mdogo wangu."

"Ungenisaidia kwa kuniuliza. Nilikuwa hapa miaka mitatu."

Alimfungulia Seremala, akamwomba radhi kwa maneno mengi. Jibu halikuja. Wiki ya pili kulitokea tangazo kwenye ukurasa wa wote, sentensi mbili: mke wake alifariki siku chache baada ya ule ugomvi, na anawaaga. Akaunti ikafutwa. Mpaka leo hawajui jina lake halisi wala mji wake.

Mama Dozi aliandika tangazo lake pia, kwamba wasimamizi wanaweza kuona visanduku, na kwamba yeye alisoma asichoruhusiwa. Fundi alimwondoa. Baada ya hapo aliondoa pia yale maneno ya juu, kwamba ujumbe ni kati ya watu wawili, na karibu nusu ya wanachama wakaondoka wenyewe. Kwenye ukurasa wa wote siku hizi wanaulizana habari za magodoro na dawa za choo kigumu. Nyingine hakuna anayeziandika.

Kila Jumamosi Mama Dozi huenda kushinda na mama yake. Mdogo wake humpokea mlangoni, humwonyesha dawa iliyobaki na saa ya kumgeuza mgonjwa, huvaa viatu, hutoka. Hurudi alasiri. Alikokuwa hasemi, na dada yake hamuulizi.